Kivuli cha Saa Nane

Droni yangu ya kwanza ilikufa juu ya paa la nyumba yetu ya Kibokoni, haijaruka hata kimo cha mtu. Niliiweka juani, nikateremka kutafuta kitambaa cha kufutia lenzi, nikakutana na chai, nikanywa. Niliporudi betri ilikuwa imevimba kama andazi. Nilikasirikia jua, nikawakasirikia walioitengeneza, kisha nikaikasirikia chai. Mwenyewe sikujikasirikia hata kidogo, maana ndivyo nilivyo.

Kazi yangu ni kupiga picha harusi za wanawake. Upande wa wanaume wapiga picha ni wengi kuliko wageni, lakini siku ya kupamba, bibi harusi amefunuliwa na kila mtu amevua buibui, anayeruhusiwa kuingia ukumbini na kamera ni mwanamke mwenzao, tena ajuaye kufunga mdomo. Mdomo wangu ni mwepesi kwa kila jambo isipokuwa hilo. Droni niliitaka kwa ajili ya mwanzo wa video. Watu wanapenda kuuona mji kwanza: mapaa yaliyobanana, minara, kipande cha maji ya bandari ya zamani, ndipo maharusi waingie.

Aliyenifunza ni jamaa mmoja wa bara, Mkristo, mfanyakazi wa bandarini, ambaye hupiga picha malundo ya makontena kutoka juu. Nilimwona jioni moja kwenye bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, akiitua droni yake kiganjani, katikati ya watu wanaokula mihogo ya pilipili, nikamwendea bila haya. Nilimsimulia habari ya andazi langu. Hakucheka, na kwa hilo nikampenda.

"Dada, hii kitu haiogopi joto ikiwa juu," aliniambia. "Huko juu inajipepea yenyewe. Inaogopa ikikaa chini kwa jua, inangoja."

Akanifundisha yote. Nisiiweke juu ya mabati wala juu ya zege la mchana. Iwashwe dakika ya mwisho, ipae mara moja. Simu ya kuongozea ikae chini ya mwavuli, kwa sababu ikipata moto skrini hufifia, kisha hujizima na kukuacha unatazama mbingu kwa macho matupu. Betri ikishuka isitiwe chaji hadi ipoe, na nisithubutu kuitia kwenye barafu. "Itatoka jasho ndani," alisema, "na jasho la ndani ndio linaua." Maneno hayo nimeyatumia baadaye kwa mambo mengi yasiyo na betri.

Jambo moja halikuwa kwenye mafunzo yake, nalo nililijua tangu utotoni. Kwetu mkwezi hapandi mnazi kimya kimya. Hupiga hodi kwanza, kwa sauti, wanawake walio uani wapate kujitanda. Nami siku aliponiazima droni yake, kabla ya kurusha nilisimama ukingoni mwa paa nikaita, "Hodi! Napandisha!" Sauti zikanijibu kutoka nyua nisizoziona: ngoja kidogo, ngoja nitafute leso, haya pandisha. Nikarusha juu ya kimya cha watu waliojisitiri, na picha zangu zikawa za mji ambao hauna mtu, nguo tu kwenye kamba na paka.

Basi nikawa natafuta droni ya pili, na kuchagua kukanikosesha usingizi wa mchana. Moja ilikuwa na jicho moja pana, lenye kuvumilia mwanga mweupe wa saa sita bila kuunguza kuta. Nyingine ilikuwa na jicho la pili, la kuvuta vya mbali. Yule jamaa alisema nichukue pana. "Ya kuvuta inaona kitu moja, inasahau majirani zake," alisema. Nikachukua ya kuvuta. Sikuwa na sababu, ila kwamba yeye alikuwa na uhakika mno.

Mama mkubwa ndiye aliyelaumu zaidi. Ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea nyumbani kwake Kuze. Droni ya kwanza aliiita pangaboi lililokosa dari. Nilipomweleza kuhusu lenzi ya kuvuta alikunja uso. "Sasa hilo si pangaboi tena," akasema. "Hilo ni jicho la kuchungulia watu." Nikamwambia nami ni mwanamke, wanaogopa nini? Akaniuliza kama na kadi inayoweka picha nayo ni mwanamke. Nikaondoka nimenuna.

Kaskazi ilipoanza kukaza, baba mkubwa, mumewe, alifariki. Ilikuwa asubuhi ya kawaida; alimaliza chai yake, akaegama, basi. Alikuwa mtu mpole asiyevumilia kitu kimoja tu duniani, nacho ni joto. Hata jina lake hakupenda kulitaja. Miezi ya joto ilipoingia alisema, "Yule mgeni amefika," na kila aliyekuwapo alijua ni nani.

Mama mkubwa akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, hapiti mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Na hata pasingekuwa na eda, wanawake wa nyumba yetu hawaendi makaburini. Jeneza hutoka mlangoni juu ya mabega ya wanaume, na sisi hubaki ndani tukisikiliza sauti zao zikipungua kichochoroni. Alikuwa ameishi na yule mtu zaidi ya miaka arubaini, na sasa hakujua hata amelazwa mahali gani.

Wiki ya saba au ya nane hivi nilikwenda kumwamkia.

"Masalkheri, mama."

"Akheri, mwanangu. Ndoo uketi." Alitazama mlango kama kwamba kuna mtu nyuma yake. "Hilo pangaboi lako laweza kufika makaburini?"

"Laweza. Kwani?"

"Nataka kuona alipolala. Nijue yuko juani ama apata kivuli."

Nilikuwa na mzaha tayari ulimini. Nikamtazama, nikaumeza. Nikamuuliza mbona hakumtuma mwanamume mmojawapo apige picha kwa simu.

"T'amwambiaje? Mtu mzima miye, niseme nachelea mume wangu asisikie joto?"

Mwanawe wa pekee, aliye kaka kwangu, alikuwa amesharudi Maskati kazini baada ya khitma. Nikampigia. Nilimwambia tu kwamba mama anataka kupaona, hilo la kivuli nikamsitiri. Akasema kuna mwarobaini mkubwa, mmoja tu. Nikifika hapo nihesabu kaburi la tatu mkono wa kulia. Kwetu makaburi mengi hayaandikwi jina: jiwe la kichwani, jiwe la miguuni, yatosha. Nikaandika kiganjani kwa kalamu: tatu, kulia.

Kibali changu cha kurusha ninacho, lakini makaburi yana adabu yake, kwa hiyo nilimtafuta mlinzi wa pale. Alikubali kwa masharti: nisiipitishe juu ya makaburi, na siku ya mazishi asiisikie kabisa. Kisha akauliza, "Wamtafuta nani, nikuonyeshe?" Nikamwambia najua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila mimi siku hiyo nilikuwa na haraka.

Karibu na makaburi kuna ghorofa anakoishi bibi harusi mmoja niliyempiga picha. Akanipa ufunguo wa paa. Nikachagua saa nane mchana, kwa sababu ndiyo saa ambayo hakuna mtu. Katika kaskazi, saa nane, kisiwa kizima hulala. Maduka hufunga mlango nusu, mbuzi husimama ubavuni mwa ukuta, na mwanga huwa mweupe hata vitu hupoteza kingo zake. Nilikaa chini ya mwavuli, droni mapajani nimeifunika taulo. Kisha nikaiwasha, nikaipandisha, na ile sauti yake ikaenda ikipungua mpaka ikawa sehemu ya joto.

Sijui nieleze vipi ilivyokuwa. Mwili wangu uko chini unatiririka jasho, na macho yangu yako huko, baridi, yanaelea. Nikaisimamisha juu ya paa lile lile, nisivuke ukuta wa makaburi, nikavuta. Mwarobaini ukaja. Shina, mchanga, mawe meupe yametulia. Moja, mbili, tatu, kulia. Lilikuwa pale kaburi la udongo ambao bado haujashikana, wazi kabisa, jua limelikalia. Nikatoa salamu kwa midomo, kama tunavyofunzwa kuwasalimia walio makaburini, na nikaona aibu kuwasalimia kutoka juu.

Mama mkubwa aliitazama picha kwenye tableti yangu kwa muda mrefu. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo umenyooka.

"Yuko juani," alisema.

Akanirudishia tableti. Lakini Alhamisi iliyofuata alinitumia salamu nirushe tena, na Alhamisi ya baada yake, na nyingine. Alhamisi usiku kwetu ni usiku wa Ijumaa, wakati wa kuwasomea waliotangulia. Alitaka picha ya siku ileile. Aliiegemeza tableti kwenye mto, akafungua msahafu, akasoma Yasini kwa sauti yake nyembamba. Wiki ya tatu nilimkuta ameshika kipepeo cha ukili. Anasoma, na mkono wake unaipepea ile picha, polepole, mbele na nyuma, bila yeye kujua.

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi. Nililia, kisha nikajikaripia, kisha nikalia tena.

Tangu hapo nikawa nawinda mawingu. Nilipanda paani mapema, nikatazama upande unakotoka upepo, na kila kiwingu nilikihesabu kama mgeni wa harusi. Alhamisi moja kilipita kimoja. Kivuli chake kiliingia makaburini kutoka pembeni, kikapita juu ya mawe, kikamfunika yule tuliyemjua, kikaondoka. Hakikutimiza hata dakika. Mama mkubwa alinirudishisha kipande hicho mara nyingi hata nikaacha kuhesabu, na kila kivuli kilipofika alisema, "Alhamdulillahi," kwa pumzi.

Basi wiki iliyofuata nikataka kumletea kingine. Niliiacha droni ikining'inia huko juu nikingoja wingu lililokuwa limekwama upande wa bahari. Onyo la joto likatokea nikalifuta. Likatokea tena nikalifuta. Mwavuli ulikuwa umeinama, jua likaingia kwenye simu, skrini ikawa nyeusi. Nilibaki na rimoti mkononi na masikio. Ilirudi yenyewe, namshukuru Mungu na walioipa akili hiyo, ikatua kando ya tangi la maji, moto hata sikuweza kuishika. Niliivulia ushungi nikaifunika, nikaipepea kwa sahani ya plastiki. Nilikuwa peke yangu na kichwa wazi juani, napepea mtambo.

Nilimsimulia mama mkubwa nikidhani atacheka.

"Pangaboi lako, weye walitilia mwavuli, walitilia taulo," akasema. "Na babako mkubwa je?"

Alisema bila ukali. Ingekuwa kwa ukali ningeweza kujibu.

Zilipobaki siku kumi eda iishe, kaka yangu alikuja kutoka Maskati. Tulikula pamoja, kisha mamake akamwita aone. Alikaa kando yake, akaitazama picha, akamtazama mamake alivyoshika kipepeo, akanitazama mimi. Aliniita nje kwenye ngazi.

"Huyo siye," akaninong'oneza.

"Siye nani?"

"Siye baba. Baba tulimzika kivulini. Ilikuwa baada ya adhuhuri, nasi tulisimama chini ya ule mti wala hatukuunguzwa na jua. Wewe ulisimama wapi?"

Nikamwambia kwenye ghorofa ile ya upande wa barabara. Akafumba macho, akageuza mkono wake hewani, huku na huku.

"Umeipa kibla mgongo," akasema. "Makaburini hakuna mkono wa kulia ila wa aliyeelekea kibla."

Sisi wote tumelelewa hivyo. Mtu wa kwetu akisimama pale anaelekea kibla, na kulia kwake ni kulia kwa kila mtu, hai na maiti. Mimi nilikuwa upande wa kibla, nikitazama nyuma, na kulia kwangu kulikuwa kushoto kwao. Ningekuwa na lenzi pana ningeona lango, ningeona ukuta, ningejiuliza. Lakini nilivuta, nikaona makaburi matatu, nikasahau majirani zake.

Kaka yangu akanisihi nisiseme. Siku kumi tu, alisema, zikiisha ataacha mwenyewe. Siku mbili nilikubali, na siku mbili hizo nilikuwa na hasira na kila mtu, nikamfokea hata muuza mahamri. Sikuweza kukisahau kile kipepeo. Kila nikifumba macho nakiona kikienda na kurudi, kikimpepea mtu tusiyemjua.

Alhamisi nilipanda paani, nikamwomba Mungu msamaha, nikarusha. Safari hii sikuvuta. Makaburi yote yakaingia, na lango, na ukuta, na mti mzima na kivuli chake chote. Jua la saa nane lilikuwa limeshainamia magharibi, na kivuli kimetupwa upande wa mashariki, upande ambao sikuwahi kuutazama. La kwanza, la pili, la tatu. Lilikuwa ndani yake, limetulia. Madoa madogo ya mwanga yalipita juu ya udongo kila matawi yalipotikisika. Nilijua pia, kwa kutazama tu, kwamba asubuhi kivuli hicho huhamia kwa wale wa upande wa pili. Hilo nililiweka moyoni, na bado liko.

Mama mkubwa alikuwa mkekani, msahafu tayari. Kaka yangu alikaa karibu na dirisha asinitazame. Nilipiga magoti nikamwambia yote, tangu mlinzi aliyetaka kunionyesha hadi mkono wa kulia. Sikujitetea, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

"Wiki tisa?" akauliza.

"Wiki tisa, mama."

"Wiki tisa namsomea mume wa watu?" Sauti ilipanda. "Nampepea! Na babako mkubwa yuko pale jirani yuanisikia! Na alivyokuwa na wivu yule!"

Kaka yangu akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa.

"Weye tangu u mtoto, ukiulizwa, wajua. Ukifunzwa, wajua. Mtu yuakwambia t'akuonyesha, wamwambia wajua!"

"Nisamehe, mama."

"N'onyesha."

Nikamwekea tableti mapajani, nikamwonyesha kwa kidole. Akaisogeza karibu na macho. Kipepeo kilikuwa mkononi mwake na mkono ukaanza kuinuka, ukasimama njiani. Alitazama yale madoa ya mwanga yakitembea. Alitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukaanza kubadilika, lakini si kwa namna niliyoitarajia.

"Mtazame," akasema. "Mtazame! Amelala zake kivulini."

"Ndiyo, mama."

"Nami huku wiki tisa silali, roho juu, naona yuaungua. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa. Siku ya kumzaa huyu," akamnyooshea kipepeo mwanawe, "uchungu wanishika tangu alfajiri, namwita simuoni. Watu watoka kumtafuta mpaka Kibokoni. Kumbe yuko chini ya ngazi, kwenye baridi ya sakafu, yuakoroma!"

Alianza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na kaka yangu akacheka, na mimi, kwa woga, nikacheka. Kisha kile kicheko kikageuka katikati ya pumzi. Tangu jeneza litoke mlangoni hakuwa amelia mbele yetu. Alikaa wima siku zote, akipokea rambirambi, akiuliza wageni kama wamekula. Sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, akiikumbatia ile tableti kifuani. Tulimwacha alie. Adhana ya alasiri iliadhiniwa na hakuna aliyeinuka.

Alipokwisha alijifuta kwa ncha ya leso, akanirudishia tableti.

"Usirushe tena Alhamisi," akasema. "Hilo pangaboi lampigia kelele. Mwache alale."